Mkono mdomoni, vidole viwili kichwani: maswali yenu kuhusu mpira na siasa

Toleo lililopita tuliandika juu ya Saudia kupewa Kombe la Dunia la 2034 na tangu hapo barua hazijakatika, za sauti, za maandishi, moja hata imeandikwa kwa mkono kwenye daftari ikapigwa picha. Nimechagua tano. Nyingine zinafanana na hizi, kwahiyo ukiona swali linalokaribiana na lako jua na wewe nimekujibu humo humo.

Kaka muandikaji, salamu. Miye ni mutu wa Goma, saa hii niko Nakivale, Uganda, na bibi yangu na batoto batatu. Ile siku ya Abidjan wakati bachezaji betu balifunga kinywa na mukono, miye nililia mbele ya batoto. Sasa kuko kijana moja huku anasema ile yote ilikuwa bure tu, vita haikuisha, mwaka wenye ulifuata Goma ikaanguka na sisi tukakimbia. Nilikosa cha kumujibu. Ile ishara ilisaidia nini? (Msomaji, Nakivale)

Pole sana ndugu yangu, wewe na mama watoto na hao watatu. Swali lako nimekaa nalo siku nne nzima, ndo maana nimelianza.

Ile mechi ilikua tarehe 7 Februari 2024, nusu fainali ya AFCON, Kongo na wenyeji Ivory Coast pale Ebimpé, Abidjan. Mi nilikua kibanda umiza kimoja Buguruni, tumebanana kwenye mabenchi, wimbo wa taifa wa Kongo unapigwa na watu wanaendelea na stori zao maana nani anasikiliza wimbo wa taifa wa watu wengine, mara kamera ikaanza kutembea kwenye mstari wa wachezaji, na mmoja baada ya mwingine kiganja cha kulia kimeziba mdomo, mkono wa kushoto vidole viwili vimegusa kichwa kama mtu aliyewekewa bastola. Hadi kocha wao Desabre, Mfaransa yule, kafanya vile vile. Kibanda kikanyamaza. Mzee mmoja akauliza hawa vipi, wanaumwa? Fundi cherehani mmoja Mkongo aliyekaa nyuma kabisa akasema, wanatuua baba, na dunia imefunga mdomo.

Haller wa Ivory Coast akafunga dakika ya 65, ikaisha 1-0, Kongo nje. Lakini usiku ule njiani kurudi nyumbani hatukuongelea goli. Tuliongelea Sake. Siku zile zile mapigano yalikua yamefika karibu na Sake, mji ulio pua na mdomo na Goma, na mimi ninayekujibu, mtu wa Dar ninayepishana na malori ya Kongo kila siku ya Mungu, nilikua sijui Sake iko wapi. Majina ya wachezaji wa Mazembe nilikua nayo kichwani yote. Sake sikuijua. Nililala na aibu hiyo na mpaka leo haijanitoka.

Kijana wako ana ukweli wake, usimnyime. Ishara haikusimamisha risasi hata moja, mwisho wa Januari 2025 waasi wa M23 wakaingia Goma, Februari wakaingia Bukavu, na wewe ndo hivyo uko Nakivale. Ila nadhani anaidai ile ishara kitu ambacho haikuahidi. Wale vijana hawakua wanaongea na wenye bunduki, wenye bunduki wanajua vizuri wanachofanya. Walikua wanaongea na sisi tulioko kwenye mabenchi. Straika wao Bakambu alishaandika mtandaoni kabla ya mechi, kwamba watu wote wanaona mauaji ya mashariki mwa Kongo na wote wako kimya, akaomba nguvu tunayoitumia kuongelea AFCON tuitumie na huko. Hakuomba zaidi ya hapo.

Na kelele zikianza huwezi kujua zitafika wapi. Goma ilipoanguka, waziri wa mambo ya nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliziandikia klabu za Arsenal, Bayern na PSG akizitaka ziachane na matangazo ya utalii ya Visit Rwanda, maana wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameshaandika mara kadhaa kwamba jeshi la Rwanda linaisaidia M23, jambo ambalo Kigali inalikanusha. Mashabiki wa Bayern wenyewe wakainua mabango kuupinga ule mkataba, na Agosti 2025 klabu ikaugeuza, tangazo likatoka ikabaki kazi ya kukuza vijana. Novemba Arsenal nao wakasema wao na Visit Rwanda watafika mwisho msimu ukiisha. PSG wao waliongeza mkataba mpaka 2028. Sisemi ishara ya Abidjan ndo iliyofanya yote haya, ningekua nakudanganya. Nasema tu kwamba mwaka 2018 Arsenal walipoanza kuvaa lile tangazo begani, mashabiki wengi sana, na mimi nikiwemo, hatukuuliza swali hata moja.

Watu watakutajia Drogba, straika wa Ivory Coast. Oktoba 2005 kule Omdurman, wameifunga Sudan 3-1 na kufuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, akapiga magoti chumba cha kubadilishia nguo mbele ya kamera, wenzake wamemzunguka, akawaomba Waivory Coast waweke silaha chini. Nchi ilikua imekatika vipande viwili tangu 2002. Mkataba wa amani ukaja Machi 2007, na Juni timu ya taifa ikaenda kucheza Bouaké, makao ya waasi, ikaifunga Madagascar 5-0, watu wa pande mbili wakaimba pamoja. Ni kweli na inapendeza kuisimulia, lakini hapo kati ilipita karibu miaka miwili ya wanasiasa na majenerali kukaa mezani, na uchaguzi wa mwishoni mwa 2010 ulipoharibika vita ikarudi wakafa watu kama 3,000. Magoti ya Drogba yalisaidia pale ambapo wakubwa walishaanza kutafuta mlango wa kutokea. Kongo huo mlango bado unasukumwa.

AFCON ya juzi Morocco kuna shabiki wenu mmoja alikua anasimama mechi nzima bila kutikisika, mkono mmoja juu, kama sanamu ya Lumumba, dakika tisini hasemi neno. Watoto wangu wakaniuliza Lumumba ni nani. Nikazima TV nikawaambia, kuanzia mwanzo mpaka alipouawa Januari 1961. Huyo kijana wa hapo kambini, mkae naye jioni mumweleze tu ilivyokua siku ile, na nyinyi mlikua wapi, na nani mlikua naye.

Anko, mi ni shabiki wa mpira tu. Naomba haya mambo ya siasa myaache huko bungeni. FIFA wenyewe wana sheria ya kutochanganya hivyo vitu viwili na sisi Kenya tulifungiwa kwa sababu hiyo hiyo. Mpira ni burudani jamani, mtu ametoka kazini amechoka. (Msomaji, Mombasa)

Mdogo wangu nakuelewa, na mimi pia natoka kazini nimechoka. Lakini hapo umechanganya sheria mbili.

Kenya mlifungiwa Februari 2022 kwa sababu wizara ilivunja shirikisho la soka na kuweka kamati yake, na FIFA haitaki serikali iingize mkono kwenye uongozi wa mashirikisho, ndo kifungo kikakaa mpaka Novemba na Harambee Stars wakakosa hata mechi za kufuzu AFCON. Hiyo ni sheria ya kulinda viti vya viongozi wa mpira. Ya pili ni ile ya jezi na vifaa, kwamba mchezaji haruhusiwi kuvaa maneno ya siasa, ya dini wala ya binafsi. Ukizisoma zote mbili hakuna mahali pameandikwa kwamba mpira haujui haki za watu. Tena tangu 2016 katiba ya FIFA yenyewe, kifungu cha 3, inasema FIFA inawajibika kuheshimu haki za binadamu zote zinazotambuliwa kimataifa.

Na kuna historia ambayo sisi Waafrika tusipoijua ni hasara yetu wenyewe. CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilipoanza mwaka 1957 kule Khartoum, waanzilishi walikua wanne: Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika Kusini. Afrika Kusini wakataka kuleta timu ya rangi moja kwa sababu ya sheria zao za ubaguzi, wenzao wakakataa, AFCON ya kwanza ikachezwa na timu tatu. Yaani shirikisho letu halijapiga hata mechi moja tayari lina msimamo wa kisiasa. Baadaye FIFA ya rais Stanley Rous ikawarudishia Afrika Kusini uanachama mwaka 1963, na mwaka uliofuata ikagawa nafasi za Kombe la Dunia la 1966: timu 16, Ulaya 10, na Afrika yote na Asia yote na Oceania wagombanie nafasi moja. Moja! Bingwa wa Afrika hata akishinda kwake anatakiwa akapigane tena na wa Asia.

Ohene Djan wa Ghana, aliyekua ndani ya kamati ya utendaji ya FIFA, akatuma telegramu ya kupinga, Nkrumah akiwa nyuma yake, na Tessema Yidnekatchew wa Ethiopia akasimama naye. Ghana ndo ilikua bingwa wa Afrika wakati ule, 1963 na tena 1965, yaani ndo ilikua na cha kupoteza kuliko wote, na bado ikaongoza mgomo. Afrika nzima ikajitoa. FIFA ikawapiga faini. Kombe la 1966 likachezwa England bila nchi hata moja ya Kiafrika, na mfungaji bora akawa mtoto wa Msumbiji, Eusébio, magoli 9, amevaa jezi ya Ureno kwa sababu kwao bado koloni, wakati huo huo FRELIMO wako hapa Dar wanaendesha vita ya kuikomboa nchi aliyozaliwa. Huwa nikiona picha zake za mwaka ule nawaza sana.

Mgomo ulizaa. Kombe la 1970 Afrika ikapewa nafasi yake yenyewe, Morocco wakaenda Mexico. Mwaka 1974 kura za Afrika zikasaidia kumng'oa Rous, 1976 Afrika Kusini ikafukuzwa FIFA kabisa na haikurudi mpaka 1992. Leo Afrika ina nafasi tisa za moja kwa moja, na siku Kenya mtakapofuzu mtapita kwenye mlango uliofunguliwa na watu walioambiwa siasa wapeleke bungeni.

Kinachoniuma mimi ni kwamba sheria inajua kukimbia na inajua kuchechemea. Urusi iliivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, tarehe 28 FIFA na UEFA wakaifungia. Siku nne. Na mimi sina tatizo na hilo, Poland walishasema hawachezi nao na walikua sahihi. Shirikisho la Palestina limepeleka ombi lake dhidi ya Israel kwenye mkutano wa FIFA wa Mei 2024, likapelekwa kwa wanasheria, kwenye kamati, na Oktoba 2025 rais wa FIFA Infantino akasema FIFA haiwezi kutatua matatizo ya kisiasa ya dunia. Agosti mwaka huo Suleiman al-Obeid, waliyemwita Pelé wa Palestina, aliuawa Gaza, na shirikisho lake likasema alikua anasubiri msaada wa chakula. UEFA wakaandika buriani nzuri tu, bila kusema kafaje. Mohamed Salah akawauliza hapo hapo mbele ya dunia nzima: mnaweza kutuambia alikufaje, wapi, na kwa nini? Siku chache baadaye kwenye Super Cup kule Udine UEFA wakatoa bango la kutaka mauaji ya watoto na raia yakomeshwe. Sentensi moja ya mtu mmoja, bila tusi.

Mimi na wenzangu tunapanga kwenda AFCON 2027 hapa kwetu. Tukiingia na bendera ya Palestina au bango la Kongo tutakamatwa? (Wasomaji, Arusha)

Bendera za nchi zinazocheza hakuna shida. Mabango ya siasa waandaaji kwa kawaida wanayazuia getini, na yakionekana uwanjani faini inaenda kwa klabu au shirikisho, siyo kwako. Celtic ya Scotland walipigwa faini ya pauni 8,600 hivi mwaka 2016 kwa bendera za Palestina, mashabiki wakachangishana, wakapata zaidi ya pauni 170,000 na pesa zote zikaenda kwa misaada ya Wapalestina. Someni masharti ya nyuma ya tiketi kwanza, na msimbebeshe mtoto bango.

Asalaam aleikum kaka. Ndugu yangu wa kiume alikuwa mlinzi Doha kuanzia 2021 mpaka Kombe la Dunia lilipoisha. Alilipa ajenti pesa nyingi, mama aliuza kipande cha shamba, alipofika mshahara ukawa si ule na pasi yake ya kusafiria ikachukuliwa. Anasema Wazungu walipigania kitambaa cha nahodha wiki nzima, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama amelipwa. Sasa mdogo wetu anataka kwenda Saudia. Tumwambie nini? (Dada, Kilifi)

Waaleikum salaam dada. Mwambie kaka yako kuwa ana haki ya kusema hivyo, na ningependa kila mtu aliyeandika kuhusu lile Kombe asome mistari yako hii.

Kile kitambaa kilikua cha manahodha saba wa Ulaya, cha rangirangi, kupinga ubaguzi. Tarehe 21 Novemba 2022, siku England inacheza na Iran, FIFA ikasema atakayekivaa anapewa kadi ya njano, wakakiacha wote. Siku mbili baadaye Wajerumani wakapiga picha ya timu wameziba midomo kwa mikono, wakafungwa na Japan 2-1. Nimeziweka picha hizo mbili pamoja mara nyingi kichwani, ya Wajerumani na ya Wakongo. Mkono uko pale pale mdomoni. Ila Wajerumani walikua wanasema sisi tumenyamazishwa, na wanaongelea kitambaa chao. Wakongo walikua wanasema nyinyi mmenyamaza. Siwadharau Wajerumani, walithubutu kitu mbele ya waandaaji, lakini mlinzi wa getini aliyekosa mshahara wa miezi hakuwemo kwenye ile picha.

Kuhusu vifo, utasikia namba 6,500. Hiyo ilitoka kwenye gazeti la Guardian Februari 2021, ni wahamiaji wote waliokufa Qatar ndani ya miaka kumi kutoka nchi tano za Asia: India, Pakistan, Nepal, Bangladesh na Sri Lanka. Siyo waliokufa viwanjani tu, na Wakenya hawamo kabisa kwenye hiyo hesabu, watu wetu hawakuhesabiwa. Upande wa waandaaji, Hassan Al-Thawadi alisema vifo vilivyohusiana na kazi za Kombe ni kati ya 400 na 500. Unaona pengo lilivyo kubwa, na ndani ya pengo hilo kuna mama wa mtu anayesubiri simu. Sheria zilibadilika kidogo, mwaka 2020 Qatar ikaruhusu mfanyakazi abadilishe kazi bila ruhusa ya bosi na ikaweka kima cha chini cha riyali 1,000. Lakini Mei 2021 mlinzi Mkenya aliyekua anaandika mtandaoni maisha ya walinzi wenzake alikamatwa, akatozwa faini ya riyali 25,000. Kosa lake kuandika.

Saudia ilipewa Kombe la 2034 tarehe 11 Desemba 2024 bila mpinzani, kwa makofi, na viwanja 15 vinatakiwa, vingi vya kujengwa upya, kwahiyo maajenti watakuja vijijini kwenu, kama hawajafika tayari. Mdogo wenu simwambii asiende, njaa haina mjadala. Ajenti akitaja jina la kampuni yake mlitafute kwenye orodha ya waliosajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, NEA, asipokuwemo mwambieni asante. Mkataba ausome hapa Kenya kabla ya kulipa senti, apige picha kila ukurasa na pasi yake ya kusafiria, picha mbaki nazo nyinyi. Apeane namba ya mtu wa familia na mwenzake mmoja wa chumbani akifika. Na shamba lisiuzwe tena dada, tafadhali.

Mbona wachezaji wetu wa Afrika Mashariki wako kimya sana nchi zikiwaka? Wana mamilioni ya wafuasi hawapost kitu. Mi naona ni waoga tu. (Mwanafunzi wa chuo, Dar es Salaam)

Mwanangu, hilo neno waoga lirudishe mfukoni kwanza nikupe stori ya Chile.

Septemba 1973 jenerali Pinochet kapindua serikali ya rais Allende, uwanja wa taifa Santiago ukageuzwa gereza, maelfu ya watu wakateswa humo. Novemba timu ya Chile inatakiwa icheze na Umoja wa Kisovieti hapo hapo kugombea Kombe la Dunia la 1974. FIFA ikatuma wakaguzi Oktoba, wakatembea kwenye majani, wakasema pako shwari, wafungwa wamefichwa vyumba vya chini. Wasovieti wakakataa kuja. Tarehe 21 Novemba Wachile wakaingia peke yao, wakaanza mpira, wakapasiana mpaka golini, nahodha Valdés akausukuma kwenye goli lisilo na kipa, refa akamaliza. Mmoja wa waliokua uwanjani siku ile ni straika Carlos Caszely, mtu wa Allende waziwazi, na aliona haya maisha yake yote kwa mechi ile.

Kabla ya kwenda Ujerumani 1974 Pinochet akaja kuwaaga, anapita anashika mikono. Caszely akaweka mikono yake nyuma ya mgongo. Akaenda Kombe la Dunia, akawa mchezaji wa kwanza katika historia ya Kombe hilo kuonyeshwa kadi nyekundu. Aliporudi nyumbani akamkuta mama yake. Walikua wamemchukua, wamemtesa.

Mkono mmoja kutoshikwa, malipo akayabeba mama. Wairani nao mwaka 2022, mechi ya kwanza na England hawakuimba wimbo wa taifa, kwa ajili ya Mahsa Amini, binti aliyefia mikononi mwa polisi, na waliokua wanakufa barabarani, ya pili na Wales wakaimba midomo inatetemeka, na siku moja kabla ya mechi hiyo Voria Ghafouri aliyewahi kuchezea taifa alikua amekamatwa kule Iran. Ukiwa unaangalia kwa simu ni rahisi kusema wangekaza. Mchezaji wetu ana mama Mbagala, ana mdogo wake anayefanya kazi ofisi ya serikali, na wafuasi milioni hawalali naye mlangoni. Natamani waseme, kweli natamani, na akisema mmoja nitamwandikia ukurasa mzima. Lakini wewe mwenyewe uko chuo, una kura na una jina, umepost nini mwaka huu?

Mama yake Caszely alinyamaza miaka kumi na nne. Mwaka 1988 Wachile wakaitwa kupiga kura ya kumtaka au kumkataa Pinochet, na kwenye TV akatokea mama mmoja mtu mzima, hakuna anayemjua, amekaa anaelezea taratibu jinsi walivyomfunga macho na walivyomtesa. Kamera ikasogea pembeni, hapo alipo Caszely, straika nchi nzima inayemjua, akasema na yeye atapiga kura ya Hapana, na kwamba mama huyu ni mama yangu. Tarehe 5 Oktoba Hapana ikashinda.